Mtu wa Mishahara Aliyeingia Seneti

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, hamjambo. Vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nawaona, na najua mlango mmeshaupimia. Sitawaweka sana.

Wengi wenu hapa mnabadilisha treni Secaucus. Ukitoka Paterson au Passaic na kazi yako iko Manhattan au Newark, ni lazima ushuke pale, upande ngazi, upite mageti, ushuke tena upande wa pili. Jina kamili la kituo kile lina jina la mtu ndani yake: Frank R. Lautenberg. Nimewahi kuwauliza watu ninaosafiri nao ni nani huyu. Mmoja akanijibu bila shaka ni mkandarasi aliyejenga kituo. Mwingine akasema ni mwenye kiwanja.

Alikuwa seneta wa jimbo letu hili la New Jersey. Kabla ya hapo alikuwa mfanyabiashara, na kabla ya biashara alikuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipofariki tarehe 3 Juni 2013, ana miaka 89, yeye ndiye aliyekuwa amebaki peke yake katika Seneti ya Marekani miongoni mwa waliopigana vita vile. Jeneza lake lilipakiwa kwenye treni pale pale Secaucus likapelekwa Washington.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya wafanyabiashara wanaoingia siasa. Sababu anaijua, na mimi naijua: humu ndani wamo watu wawili watatu wanaopiga hesabu za kurudi nyumbani kugombea. Sitawataja. Lakini badala ya kuzungumza kwa jumla nimeona nimchukue mtu mmoja, tumfuate tangu mwanzo. Na hoja yangu naiweka mezani mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Lautenberg hakuwa msemaji wa kusisimua. Ukumbi haukutetemeka alipoinuka. Kilichomfaa Seneti hakikuwa utajiri wake, ingawa alikuwa nao. Ni ile akili aliyoipata kwenye kazi ya mishahara. Alijua pesa zinapita wapi, zinasimama wapi, na nani atashtuka zikichelewa. Sheria zake karibu zote zimejengwa juu ya ujuzi huo. Mimi ni mtu wa mahesabu, kwa hiyo mtanisamehe nikilivutia jambo hili upande wangu.

Alizaliwa Paterson tarehe 23 Januari 1924. Wakazi wa Paterson mliomo humu mnajua mji ule uliitwa mji wa hariri, kwa ajili ya viwanda vya kusuka vilivyojipanga karibu na maporomoko ya maji ya mto Passaic. Wazazi wake, Sam na Mollie, walikuwa Wayahudi waliokuja Marekani kutoka Poland na Urusi. Baba alifanya kazi kwenye viwanda vya hariri, akauza makaa ya mawe, akajaribu kilimo, akaendesha baa. Kila kazi ilipokatika familia ilifunga mizigo ikahamia kwingine. Hadithi hii hakuna haja ya kuwasimulia sana nyinyi, mnaijua kwa miguu yenu wenyewe. Kijana akamaliza sekondari Nutley mwaka 1941, mwaka uliofuata akaingia jeshini, akapelekwa Ulaya na kikosi cha mawasiliano. Baba alifariki kijana akiwa na miaka 19. Sam mwenyewe alikuwa na miaka 43 tu.

Vitani sitakaa sana. Hakuwa shujaa wa medali nyingi, wala hakujifanya hivyo. Kilichobadilisha maisha yake kilikuja baada ya bunduki kunyamaza, nacho ni sheria aliyoitia saini Rais Roosevelt mwezi Juni 1944, ile waliyoiita GI Bill. Sheria ile ilimwambia askari: rudi nyumbani, chagua chuo, serikali italipa ada hadi dola 500 kwa mwaka na kukupa posho ya kujikimu. Dola 500 wakati ule zilitosha chuo chochote, hata vile vya matajiri. Mtoto wa kibarua wa hariri akaingia Chuo Kikuu cha Columbia pale New York, akasoma uchumi, akamaliza mwaka 1949. Hadi mwaka 1956 askari wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo.

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu wazee wetu nao walikuwa kwenye vita hivyo hivyo. Keya, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, walipigana Uhabeshi, wakapelekwa Madagascar, wakafika Burma kwenye misitu na mvua. Waruhiu Itote alikuwa Burma. Bildad Kaggia alivaa sare ile ile ya Mwingereza, akafika hadi Mashariki ya Kati na Uingereza kwenyewe. Waliporudi Kenya, waliotengewa mashamba katika nyanda za juu ni askari Wazungu. Mwafrika alirudi na koti la jeshi na kiinua mgongo kidogo. Hakuna aliyemwambia achague chuo. Tunajua Itote na Kaggia waliishia wapi: mmoja msituni, mwingine kizimbani Kapenguria. Wala tusidhani hapa Marekani kila askari alipata sawa. Askari weusi wengi, hasa kusini, walizungushwa na maofisi na mabenki hadi sheria ile ikawa kwao karatasi tu. Lautenberg alikuwa mwenye bahati upande huo, na sifa ninayompa ni kwamba hakujifanya amejitengeneza peke yake. Alikuwa akisema waziwazi, hata akiwa milionea, kwamba bila GI Bill asingefika popote.

Alipotoka chuo aliuza bima. Kisha mwaka 1952 akajiunga na kampuni ndogo ya kwao Paterson iliyoitwa Automatic Payrolls. Mwanzilishi alikuwa Henry Taub, kijana mhasibu, aliyeianzisha mwaka 1949 na kuiendesha na ndugu yake Joe. Inasimuliwa kwamba Taub aliingia siku moja kwenye kampuni ya mteja akakuta zogo: karani wa mishahara ameugua, watu hawajalipwa. Akaona biashara hapo.

Naomba mnivumilie niseme kwa nini palikuwa na biashara, maana hapa ndipo penye utamu. Zamani tajiri wa kiwanda alihesabu saa za mfanyakazi, akazidisha, akampa bahasha yake Ijumaa. Basi. Lakini kuanzia mwaka 1937 kukawa na makato ya hifadhi ya jamii. Mwaka 1938 ikaja sheria ya malipo ya saa za ziada. Mwaka 1943, katikati ya vita, serikali ikaamua kodi ya mapato ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara kabla mfanyakazi hajaushika. New Jersey nayo mwaka 1948 ikaongeza mchango wa bima ya ugonjwa. Mwenye kiwanda cha watu 40 ghafla akawa mkusanya kodi bila kuomba kazi hiyo, na akikosea, faini ni yake. Taub na wenzake wakamwambia: tuletee saa za watu wako, sisi tutakurudishia hundi zilizokwisha kukatwa kila kitu. Lautenberg ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuuza jambo hilo. Fikirieni ugumu wake: unamwomba mtu mgeni akupe siri ya nani analipwa ngapi! Hakuwa na bidhaa ya kumwonyesha mteja mezani. Alichouza ni kuaminika.

Mwaka 1957 akawa mbia kamili. Mwaka 1961 kampuni, ambayo sasa inaitwa ADP, iliuza hisa kwa umma. Ilikuwa na wateja 300, wafanyakazi 125, na mapato ya dola 400,000 hivi. Mwaka 1975 Lautenberg akawa mkuu wake. Leo hii wengi mnaofanya kazi hospitali, maghala na nyumba za kulelea wazee, mkitazama karatasi zenu za mshahara mtayakuta maandishi ya ADP mekundu pembeni. Na kwa faida ya wafanyabiashara mliomo humu: fedha ya mteja ikikaa mikononi mwa ADP siku chache kabla ya kupelekwa kwa mamlaka ya kodi, inazaa riba, na riba hiyo ni sehemu ya mapato yao hadi leo.

Siasa alianza kama matajiri wengi wanavyoanza, kwa kutoa hela. Mwaka 1972 alimchangia George McGovern dola 90,000 agombee urais dhidi ya Nixon. McGovern alishindwa vibaya sana, na Lautenberg akajikuta kwenye orodha ya maadui wa Nixon. Baadaye, mwaka 1978, gavana akamteua kwenye bodi ya mamlaka ya bandari ya New York na New Jersey, ile yenye madaraja, mahandaki na viwanja vya ndege. Nadhani pale ndipo alipojifunza usafiri, na usafiri haukumtoka tena.

Nafasi yenyewe ilipatikana kwa aibu ya mtu mwingine. Seneta Harrison Williams alinaswa kwenye mtego wa FBI ulioitwa Abscam, ambapo maofisa walijifanya wanamtumikia sheikh tajiri wa Kiarabu. Sheikh hakuwepo, rushwa ilikuwepo. Williams akatiwa hatiani, akajiuzulu Machi 1982. Lautenberg akaruka ndani, akashinda mchujo wa chama cha Democratic uliojaa wagombea, kisha akakutana na Millicent Fenwick wa Republican.

Mama Fenwick alikuwa mtu wa kupendwa. Ana miaka 72, anavuta kiko, msema kweli, hapokei michango ya makundi ya ushawishi. Kura za maoni zilimweka mbele. Lautenberg alimwaga mamilioni ya dola, sehemu kubwa kutoka mfukoni mwake, kwenye matangazo ya televisheni. Akamwita mtu wa vituko, akahoji kama ataiweza kazi hadi mwisho wa muhula. Alisema hazungumzii umri. Kila aliyesikia alielewa anazungumzia nini. Akashinda kwa asilimia 51 hivi kwa 48. Mimi ushindi ule haunipendezi, na nasema hivi mbele ya watu wanaompenda. Alimshinda mtu bora kwa mfuko mnene na kijembe cha umri. Wekeni hilo la umri akilini, tutalihitaji.

Sasa tuingie Seneti, maana watu humkumbuka mwanasiasa kwa kelele, na huyu inabidi umtafute ndani ya vifungu.

Mwaka wa kwanza kamili alikuta vifo vya vijana barabarani. New Jersey ilikuwa imepandisha umri wa kunywa pombe hadi miaka 21 tangu Januari 1983. Ng'ambo ya mto, New York, ilikuwa 19. Kijana wa Bergen, upande wetu wa New Jersey, anafanya nini Jumamosi? Anavuka daraja, anakunywa, anarudi amelewa akiendesha mwenyewe. Mipaka ya namna hiyo ilikuwapo nchi nzima, na akina mama waliopoteza watoto walikuwa wameanza kuandamana. Tatizo ni kwamba katiba ya Marekani inaacha mambo ya pombe mikononi mwa majimbo. Washington haina uwezo wa kuagiza. Lautenberg, pamoja na mbunge James Howard wa kwetu hapa, hawakuagiza. Sheria ya 1984 ilisema tu kwamba jimbo litakaloacha watu wa chini ya miaka 21 wanunue pombe litakatwa asilimia 5 ya fedha za barabara kuu linazopewa na Washington mwaka wa kwanza, na asilimia 10 baada ya hapo. Makato! Mtu wa mishahara amekuja na makato. Rais Reagan, ambaye kawaida alipigania uhuru wa majimbo, aliitia saini Julai 1984. South Dakota ikaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikasema mwaka 1987, majaji 7 kwa 2, kwamba serikali kuu inaweza kuweka masharti kwenye fedha zake. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Dawa hiyo hiyo akairudia mwaka 2000 kwa kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva, asilimia 0.08, tena kwa tishio la fedha za barabara.

Halafu moshi. Vijana hamtaamini, lakini watu walikuwa wakivuta sigara ndani ya ndege. Kulikuwa na viti vya wavutaji nyuma na wasiovuta mbele, kana kwamba moshi unajua kusoma namba za viti. Wahudumu wa ndege waliupumua kazini kila siku, na wao ndio waliopiga kelele kuliko wote. Mwaka 1987 mbunge Dick Durbin wa Illinois alipitisha katazo kwenye Baraza la Wawakilishi kwa kura 198 kwa 193, kwa safari zisizozidi saa mbili. Kwenye Seneti mwenye kiti cha kamati ndogo ya bajeti ya usafiri alikuwa Lautenberg, ambaye naye aliwahi kuwa mvutaji. Akaliingiza ndani ya mswada wa matumizi. Wenye viwanda vya tumbaku wangeweza kuua mswada wa sigara ukisimama peke yake, lakini nani atakubali kuua bajeti nzima ya viwanja vya ndege kwa ajili ya sigara? Likaanza kutumika Aprili 1988. Likapanuliwa hadi safari za saa sita kuanzia tarehe 25 Februari 1990, yaani karibu safari zote za ndani ya nchi.

Mnaona mtindo? Wakimbizi pia. Mwaka 1989 aliweka kifungu kwenye sheria ya matumizi ya nje kilichowarahisishia Wayahudi na Wakristo wa kiinjili wa Umoja wa Kisovieti kuthibitisha kwamba wanateswa. Kimekuwa kikihuishwa mara kwa mara tangu hapo. Na mwaka 1996, bunduki. Sheria ya zamani ilimnyima bunduki mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai tu. Mwanamume aliyempiga mkewe mara nyingi alikubaliana na mwendesha mashtaka akahukumiwa kwa kosa dogo, akarudi nyumbani na bastola yake. Lautenberg akaandika kwamba hata kosa dogo, kama ni la kumpiga mwenzi, linatosha kumnyang'anya mtu bunduki. Polisi na wanajeshi hawakusamehewa. Kifungu kilipita Seneti kwa kura 97 kwa 2, kikaingia ndani ya mswada mkubwa wa matumizi uliotiwa saini tarehe 30 Septemba 1996. Mama zangu wenye ofisi za kusaidia wanawake hapa Newark wanakijua kifungu hiki kuliko mimi.

Wapo wanaosema hii ni njia ya mlango wa nyuma, na hoja yao ina uzito. Jambo kubwa la maadili likifichwa ndani ya bajeti ya kurasa elfu, mwananchi hapati mjadala anaostahili. Siwezi kulikataa hilo. Ninachosema ni kwamba mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na wenye fedha nyingi zaidi yake, na yeye hakwenda kuugonga kwa hotuba.

Mwaka 2000 alichoka. Alichukia kuomba michango, akatangaza hagombei, akaondoka Januari 2001. Akajuta haraka. Septemba 2002 mwenzake wa zamani, Robert Torricelli, ambaye hawakupatana hata kidogo, alijitoa kwenye uchaguzi kwa kashfa ya zawadi zikiwa zimebaki wiki tano. Mahakama ya juu ya jimbo ikaruhusu jina libadilishwe, na chama kikamwita mzee wa miaka 78. Akashinda tena. Miaka sita baadaye, mwaka 2008, mbunge Rob Andrews alimkabili kwenye mchujo kwa hoja kwamba mzee wa miaka 84 ni mkongwe mno. Fenwick alikuwa amekwisha kufariki. Hakupata kuiona siku ile. Lautenberg alishinda tena, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Nyumbani tunalia kila siku na viongozi wasioachia kiti. Siwezi kumsifu wa huku kwa sababu tu ninapenda sheria zake. Cory Booker, aliyekuwa meya wa Newark, alipoanza kuonyesha anakitaka kiti, mzee akasema ana watoto wanne, na mmoja wao alipokosa adabu alimchapa na mambo yakaisha. Ukumbi umecheka. Mimi nilicheka pia, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayeona kiti ni chake.

Lakini muhula ule wa mwisho nao ulizaa. Mwaka 2008, pamoja na maseneta Jim Webb, John Warner na Chuck Hagel, wote askari wa zamani, alisimamia GI Bill mpya kwa waliotumika baada ya Septemba 2001. Aliyetumikia miezi 36 analipiwa ada yote ya chuo cha umma cha jimboni, anapewa posho ya nyumba, na kwa masharti fulani anaweza kumpa mke, mume au mtoto haki hiyo. Wazazi wenye vijana jeshini, waulizeni kama wamejaza fomu. Nimekutana na wasiojua.

La mwisho ni la kemikali, na hili lilimgusa kuliko yote. Sam, baba yake, aliuawa na saratani. Wanaume wengine wa ukoo wake waliofanya kazi kwenye viwanda vya hariri nao walikufa mapema kwa saratani, na Lautenberg alikuwa akiwataja Seneti kila mjadala wa sumu za viwandani ulipofika. Baada ya gesi kuua maelfu Bhopal, India, Desemba 1984, alishiriki kuandika sheria ya 1986 inayovilazimisha viwanda kutangaza kila mwaka vinatoa sumu gani na kiasi gani. Haikukataza sumu yenyewe. Ilitaka hesabu ziwekwe hadharani, na kampuni nyingi zikapunguza sumu kwa aibu ya kujiona kwenye orodha.

Lakini sheria mama ya kemikali, ya mwaka 1976, ilikuwa dhaifu kupita kiasi. Kemikali 62,000 hivi zilizokuwapo sokoni wakati ule ziliachwa ziendelee bila kuchunguzwa. Mamlaka ya mazingira ilijaribu kukataza asbesto, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikatengua sehemu kubwa ya katazo lile. Asbesto, ndugu zangu! Na Paterson penyewe palikuwa na kiwanda cha asbesto. Wafanyakazi wake ndio daktari Irving Selikoff aliowatibu kwenye kliniki yake mjini humo, akaja kuionyesha dunia namna vumbi lile linavyoua.

Lautenberg alipeleka miswada ya kurekebisha sheria hiyo mwaka baada ya mwaka, ikafa. Tarehe 22 Mei 2013, mgonjwa tayari, alikubaliana na David Vitter wa Louisiana, Republican ambaye hawakuwa na mengi ya kufanana, wakawasilisha mswada wa pamoja. Siku 12 baadaye akafariki. Mjane wake, Bonnie, alizunguka ofisi za maseneta akiuombea. Uliwachukua miaka mitatu. Ulipopigiwa kura kwenye Baraza la Wawakilishi ulipata 403 kwa 12, na Rais Obama akautia saini Juni 2016 ukiwa na jina la Frank R. Lautenberg. Kwa nguvu ya sheria hiyo mamlaka ya mazingira ilikataza asbesto ya aina ya chrysotile mwezi Machi 2024.

Upo upande wa pili. Ili kuwapata Republican, sheria iliwapunguzia majimbo uwezo wa kuweka masharti yao makali kwenye kemikali ambayo Washington imeishughulikia, na watetezi wa mazingira wa California hadi hapa New Jersey walikasirika. Wengine wanaona bei ile ilikuwa kubwa mno. Wakili wetu amekaa pale mbele, na anayajua mabishano haya kwa undani. Mwenye swali juu ya mipaka ya jimbo na serikali kuu amwelekezee yeye. La mishahara, nileteeni mimi.